Kuchagua Inteki ya Hewa Baridi kwa Gari la Spoti Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara katika gereji yetu Uyole, jijini Mbeya, kutoka kwa wenye Altezza, Impreza WRX, Chaser, Toyota 86 na magari mengine ya aina hiyo yanayotembea Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Majibu yamezingatia mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye maboksi ya vifaa hivi: mwinuko wa huku kwetu, vumbi la kiangazi na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili.

Inteki ya hewa baridi ni nini, na inatofautianaje na ile iliyokuja na gari?

Kila gari lina inteki tangu kiwandani. Hewa huingilia mdomo ulio nyuma ya grili au pembeni mwa bampa, hupita kwenye boksi la filta ambalo wengi wetu tunaliita ea klina, hufuata bomba hadi kwenye throto, yaani kile kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta, kisha huingia kwenye manifoldi na kugawanywa kwa kila silinda. Inteki inayouzwa kama ya hewa baridi hubadilisha nusu ya kwanza ya safari hiyo. Boksi la plastiki huondolewa, filta bapa ya karatasi hubadilishwa kwa filta yenye umbo la koni, na bomba jipya, pana na lenye kona chache, huipeleka filta hiyo mahali ambapo joto la injini halifiki, mara nyingi chini ya bampa au ndani ya chumba kilichozungushiwa ukuta.

Neno la kuangalia hapo ni mahali. Koni iliyofungwa kwenye bomba fupi na kuachwa wazi karibu na injini si inteki ya hewa baridi, hata kama boksi lake limeandikwa hivyo, kwa sababu inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na rejeta na eksozi. Kwa bahati mbaya hizo ndizo zinazouzwa kwa wingi, kwa kuwa bei yake ni ndogo na fundi huzifunga kwa nusu saa.

Je, itarudisha nguvu ambayo gari langu linapoteza kwa sababu ya mwinuko?

Hapana, na ningependa jibu hili lisomwe kabla ya mtu kutoa fedha. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko karibu mita 1,600 na Njombe inakaribia 2,000. Pwani, mgandamizo wa hewa ni takribani kilopaskali 101. Mbeya ni takribani 83. Silinda ileile inayojaa hewa vizuri Dar es Salaam hupata hewa pungufu hapa, na kompyuta ya gari hupunguza petroli ili ilingane na hewa iliyopo. Baridi yetu hurudisha kidogo, kwa kuwa hewa ya nyuzi 18 ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 30, lakini hata ukiihesabu baridi hiyo bado unabaki na upungufu wa takribani asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Altezza RS200 ya gia za mkono, ambayo injini yake ya 3S-GE ilitangazwa na Toyota kuwa na nguvu farasi 210, ikifika hapa haizidi sana 180.

Jambo hili unaweza kulishuhudia mwenyewe ikiwa gari lako lina sensa ya MAP, ile inayopima mgandamizo ndani ya manifoldi. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha usome namba ya sensa hiyo kwenye kifaa cha kupimia kompyuta ya gari. Mbeya mjini utaona namba iliyo karibu na 83. Teremka Kyela kupitia Tukuyu, hadi kwenye bonde lililo takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, urudie kipimo kilekile. Utaona namba iliyo karibu na 95. Ndiyo maana madereva husema gari linakuwa jepesi Kyela ingawa joto la kule ni kali. Bomba na filta haviwezi kutengeneza mgandamizo huo uliokosekana. Vinachoweza ni kuzuia usipotee zaidi kati ya bampa na silinda, na kazi ya kuutengeneza ni ya tabo au supachaja, yaani vifaa vinavyoisukuma hewa kwa nguvu iingie kwenye injini.

Nitajuaje kama inteki ya kiwandani inaibana injini yangu kweli?

Ipime kabla ya kununua chochote. Kwa gari lisilo na tabo na lenye sensa ya MAP, kazi hii haihitaji mashine kubwa. Soma kwanza namba ya sensa injini ikiwa haijawashwa. Tuseme ni 83. Kisha tafuta kipande cha barabara kitupu chenye mwinuko, mbali na malori ya barabara kuu ya TANZAM, ukae gia ya pili, ukanyage mafuta hadi chini na kuacha injini ipande mpaka karibu na mstari mwekundu, huku mtu wa pili akisoma namba. Dereva asijaribu kuisoma mwenyewe.

Ikiwa namba inayosomeka karibu na mstari mwekundu ni 80, maana yake filta, boksi, bomba na throto kwa pamoja vimekula kilopaskali 3. Hata ungeviondoa vyote na injini ikavuta hewa moja kwa moja kutoka angani, ungepata nyongeza isiyofika asilimia 4, na hakuna inteki inayoondoa vyote. Ikiwa namba ni 75, kuna kizuizi cha kweli, lakini kabla ya kuilaumu inteki angalia kama filta imejaa vumbi, kama kuna kiota cha panya kwenye mdomo wa boksi (tumekuta viwili mwaka uliopita, vyote kwenye magari yaliyokaa shambani), na kama throto inafunguka yote unapokanyaga. Mara nyingi filta mpya ya karatasi huirudisha namba mahali pake.

Magari yenye tabo hayapimiki hivi, kwa sababu sensa yao iko baada ya tabo na inasoma hewa iliyokwisha kusukumwa. Pia magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1990 hayapokei vifaa vidogo vya kisasa vya kupimia. Yanahitaji kifaa cha mtengenezaji au cha zamani, hivyo muulize fundi wako kwanza.

Basi niitegemee iongeze nguvu farasi ngapi?

Kwa injini isiyo na tabo na ambayo haijaguswa, chache tu, na wakati mwingine hakuna kabisa. Namba kubwa zinazochapwa kwenye maboksi hupimwa mara nyingi gari likiwa limesimama kwenye mashine, boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele, hali ambayo gari lako halikutani nayo kwenye foleni ya Mwanjelwa.

Nilifunga koni wazi ndani ya boneti na gari likawa zito. Tatizo ni nini?

Tatizo ni joto, na nitaeleza kwa gari langu mwenyewe kwa sababu nami nilipita njia hiyo. Nilikuwa na Altezza ambayo niliifunga koni fupi, nikafurahia sauti kwa wiki nzima, kisha nikaanza kuona kwamba asubuhi gari linavuta vizuri lakini likitoka kwenye foleni linasita kabla ya kuondoka. Nilichukua kipimajoto kidogo chenye waya mrefu, kile kinachotumiwa kwenye friji, nikafunga ncha yake kwa uzi pembeni ya koni na kuupitisha waya dirishani. Ilikuwa asubuhi ya Julai, hewa ya nje ilikuwa nyuzi 9. Nikiwa kwenye mwendo, ncha ilisoma 16. Nilipokwama kwenye foleni kwa robo saa, namba zilipanda moja moja mbele ya macho yangu hadi zikasimama kwenye 47, na ziliposhuka baada ya barabara kufunguka zilishuka polepole, kwa sababu kila kitu ndani ya boneti kilikuwa kimekwisha kushika joto.

Hesabu yake ni rahisi. Kila hewa inapopanda joto kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kwa takribani asilimia 3. Kutoka nyuzi 16 hadi 47 unapoteza karibu asilimia 10 ya hewa, wakati ile nyongeza ya bomba pana haikufika hata nusu ya hapo. Kompyuta nayo ikiona hewa ya moto hurudisha nyuma wakati wa plagi kuwasha ili injini isigonge, na hapo nguvu hupungua tena. Nililirudisha boksi la kiwandani, nikafunga kipimajoto mahali palepale, na foleni ileile ikasoma 24.

Kwetu huku hewa baridi ipo bure kuanzia Juni hadi Agosti, na hata mchana wa Oktoba hatufikii joto la pwani. Kuiacha nje na kuvuta hewa ya ndani ya boneti ni hasara isiyo na sababu. Ukitaka koni, chagua inteki ambayo filta yake iko nje ya chumba cha injini, au iliyo ndani ya boksi lililofungwa pande zote, lenye mpira unaokutana na boneti na lenye mdomo wake wa kuvuta hewa ya mbele. Bati moja lililosimamishwa kati ya koni na injini, bila mpira juu na bila njia ya hewa ya nje, halizuii kitu.

Je, bomba lenye kipenyo kikubwa zaidi ndilo bora?

Hapa ndipo injini nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Magari hupima hewa kwa njia mbili. Baadhi, kama Honda Civic Type R zenye injini ya K20A, hutumia sensa ya MAP na kukadiria hewa kutokana na mgandamizo wa manifoldi. Mengine, kama Impreza WRX na Toyota 86, hutumia sensa ya MAF, ambayo ina waya mwembamba unaopashwa moto na kukaa ndani ya bomba katikati ya filta na throto; hewa ikipita waya hupoa, na kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa umeme unaohitajika kuurudishia joto lake.

Sensa hiyo haioni bomba zima. Inaonja hewa ya sehemu ndogo tu, kisha kompyuta hukadiria hewa yote kulingana na kipenyo ilichofundishwa kiwandani. Ukitoa bomba la milimita 70 na kuweka la milimita 76, tofauti ya milimita 6 inaonekana ndogo, lakini eneo la ndani la bomba limeongezeka kwa asilimia 18. Hewa hupita taratibu zaidi mbele ya waya, kompyuta huamini kwamba hewa imepungua, na petroli hutolewa kidogo kuliko inavyotakiwa.

Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi hugundua kosa hilo na kompyuta hulirekebisha, ndiyo maana siku za kwanza huoni kitu. Unapokanyaga mafuta hadi chini, magari mengi huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kuiamini MAF zaidi. Kompyuta iliyokusudia kuchanganya hewa gramu 12.5 kwa kila gramu 1 ya petroli inajikuta inachanganya karibu 14.7 kwa 1, injini ikiwa kwenye mzigo mkubwa kabisa. Joto la silinda hupanda, petroli hulipuka kabla ya wakati, na injini yenye tabo huweza kutoboka pistoni kwa safari moja ya kupanda Kitonga.

Dalili za mapema ni taa ya injini kuwaka na kodi (namba ya hitilafu inayosomwa kwenye kifaa cha kupimia) P0171 au P0101, gari kusita linapoanza kuondoka, na sailensa ya injini, yaani muungurumo wake bila kukanyaga mafuta, kutotulia. Kwa hiyo, kwa gari lenye MAF, nunua inteki ambayo mtengenezaji wake ametaja kwa jina modeli, mwaka na injini ya gari lako, na ambayo sehemu inayobeba sensa ina kipenyo cha ndani sawa na cha kiwandani. Pima kwa kipimo cha kalipa kabla ya kulipa. Ukiamua kwenda kwenye bomba pana, panga fedha ya kuifundisha upya kompyuta kwa fundi mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Bila kipimo hicho anakisia.

Kompyuta ya gari lililokuwa Dar inahitaji kupangwa upya kwa ajili ya mwinuko wa huku?

Haihitaji. Gari la sindano, yaani lile ambalo petroli yake hunyunyizwa kwa amri ya kompyuta, linapima hewa iliyopo na kujirekebisha lenyewe. Gari la kabureta ndilo linalohitaji kupunguziwa jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, kwa sababu kabureta haina njia ya kutambua kwamba hewa imekuwa nyepesi.

Gari langu lina tabo. Je, faida ni kubwa zaidi?

Inaweza kuwa, na kwa mwinuko wetu sababu yake inaeleweka. Tuseme kompyuta inataka kilopaskali 200 ndani ya manifoldi. Pwani tabo huchukua hewa ya 101 na kuizidisha karibu mara 2. Mbeya inachukua 83 na kulazimika kuizidisha mara 2.4. Filta na bomba vikila kilopaskali 5 kabla ya tabo, inabaki 78 na tabo inapaswa kuizidisha zaidi ya mara 2.5. Inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, inabeba mzigo ambao haikukusudiwa. Kila kilopaskali unayookoa upande wa kuvutia huku juu ina thamani kuliko pwani.

Hata hivyo, anza na mipira. Kwenye Impreza nyingi za umri mkubwa, bomba la mpira linalotoka kwenye MAF kwenda kwenye tabo limepasuka mahali pasipoonekana, chini ya manifoldi, na hewa inayoingilia hapo haijapimwa na haijachujwa. Inteki mpya mbele ya bomba lililopasuka ni kupoteza fedha. Kwa gari la MAF usifunge pia ile valvu inayotoa hewa ya tabo nje, kwa sababu hewa hiyo imekwisha kuhesabiwa. Kompyuta itatoa petroli ya hewa ambayo haipo na gari litatoa moshi mweusi kila unapobadilisha gia.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa nimeliona likiua tabo. Geji ya buusti, yaani ya mgandamizo unaoongezwa na tabo, hupima kuanzia hewa ya mahali ulipo. Baa 1 kwenye geji ukiwa Mbeya si sawa na baa 1 ukiwa Dar es Salaam. Kwa jumla ya kweli huku ni kama kilopaskali 183 na kule 201. Baadhi ya watu huongeza buusti ili gari livute kama lilivyovuta pwani, bila kujua kwamba tabo yao ilikuwa imekwisha kufikishwa karibu na mwisho wake.

Nichague filta ya kupakwa mafuta au filta kavu?

Kwa anayeishi Nyanda za Juu Kusini, ninapendekeza filta kavu, na sisiti katika hilo. Filta ya pamba iliyopakwa mafuta hupitisha hewa vizuri ikiwa safi, lakini inategemea sana mkono wa anayeipaka. Mafuta yakizidi, matone madogo hurushwa hadi kwenye waya wa MAF, yanashika vumbi, na sensa huanza kudanganya. Mafuta yakipungua, vumbi hupita.

Na vumbi letu si la mchezo. Kuanzia Juni, barabara za mashamba ya mpunga Mbarali, njia za magogo za Mafinga na barabara za chai za Mufindi hutoa vumbi laini kama unga wa muhogo. Chembe hizo ndogo zina mchanga mgumu ndani yake, na zikifika kwenye silinda husaga ringi na kuta taratibu, hadi gari linaanza kula oili bila sababu inayoonekana. Muulize muuzaji kama filta ilipimwa kwa kiwango cha ISO 5011, ambacho ndicho kipimo cha kimataifa cha uwezo wa filta za hewa za injini kukamata vumbi. Muuzaji makini atakuonyesha asilimia. Anayekuonyesha rangi na nembo peke yake hana jibu.

Kuna jaribio la mkono ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Chukua grisi kidogo sana kwa kidole, ipake nyembamba ndani ya bomba, upande ulio baada ya filta na mbali na sensa, kisha utembee wiki moja na kufungua tena. Grisi ikibaki na rangi yake, filta inafanya kazi. Mwaka juzi tuliletewa Impreza iliyofungwa koni na gereji nyingine, ikiwa imetoka Chimala. Nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba na kikatoka na mstari wa rangi ya matofali, upana wa vidole viwili, upande mmoja tu wa bomba. Filta yenyewe ilikuwa nzima. Shingo yake ya mpira ilikuwa ya milimita 80 na bomba lilikuwa la 76, na fundi alikuwa ameikaza klampu hadi mpira ukakunjika na kuacha mfereji mwembamba. Kwa miezi mitano vumbi lilikuwa likipitia kwenye mfereji huo. Tulipopima mgandamizo wa silinda, mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kushuka.

Filta isafishwe mara ngapi, na je, kupuliza kwa kompresa kunafaa?

Iangalie kila mwezi wakati wa kiangazi, na kila baada ya safari ya barabara ya vumbi. Desturi ya kupita kwa fundi wa pancha na kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa ni ya hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu presha ile hupanua matundu ya karatasi na filta inayoonekana safi huanza kupitisha vumbi. Ikibidi, puliza kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, bomba likiwa mbali na karatasi. Ikijaa kweli, nunua nyingine. Filta kavu ya kitambaa huoshwa kama mtengenezaji alivyoelekeza na kuachwa ikauke kivulini hadi iwe kavu kabisa. Waya wa MAF husafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Dawa ya kusafishia kabureta huuharibu.

Mvua zikianza, je, injini haitavuta maji?

Matone ya mvua na maji yanayorushwa na matairi hayana madhara kwa filta nzuri. Hatari ni filta kuzama. Inteki ndefu inayoishia chini ya bampa huiweka filta sentimita chache tu kutoka barabarani, na Rungwe, ambayo ni moja ya wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, huweza kukukutanisha na mto uliokuwa barabara dakika kumi zilizopita. Maji hayagandamiziki. Yakiingia kwenye silinda na pistoni ikapanda, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Nilizimikiwa na gari njiani kuelekea Kyela, maji yakiwa yamefika katikati ya bampa, na kosa langu halikuwa kuingia kwenye maji peke yake. Nilipiga stata mara tatu nikidhani plagi zimelowa. Mara ya tatu nilisikia mlio mmoja mzito, kisha kimya. Kama ningeacha ufunguo, tukalisukuma gari hadi pakavu, tukafungua plagi zote na kuzungusha injini ili maji yatoke kwenye matundu yake, pengine ningeondoka na oili mpya na filta mpya tu. Badala yake nilinunua injini. Tangu hapo, kwa anayesafiri upande wa Tukuyu na Kyela kila msimu, ninashauri inteki yenye boksi lililofungwa na mdomo ulio juu, usawa wa taa, na ninakataa kufunga ile ya chini ya bampa hata mteja akisisitiza.

Bomba la alumini halipashi hewa moto kuliko la plastiki?

Hupasha kidogo gari likiwa limesimama. Likiwa kwenye mwendo, hewa hupita kwa kasi kiasi kwamba haipati muda wa kushika joto la bomba. Mahali filta ilipo ni muhimu zaidi mara nyingi kuliko kitu ambacho bomba limetengenezwa kwacho.

Ninachokitaka zaidi ni sauti. Je, ni kosa?

Si kosa, ilimradi ujue unanunua sauti. Ndani ya bomba la kiwandani kuna chumba kidogo kinachomeza mlio, na kwenye baadhi ya injini chumba hicho pia husaidia mvuto wa chini, hivyo ukikiondoa unaweza kupoteza wepesi wa kuondoka kwenye mzunguko mdogo wa injini, ambao huku kwenye milima unauhitaji kila siku.

Ninunue wapi, na nitatambuaje bandia?

Wengi wetu huagiza Dar es Salaam na mzigo hupakiwa kwenye basi, umbali wa zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo kurudisha kitu kisichofaa kuna gharama. Kabla ya kutuma fedha, omba picha ya shingo ya filta, ya sehemu ya kukalia sensa na ya namba ya kifaa, pamoja na vipimo vya kipenyo cha ndani vilivyopigwa picha kalipa ikiwa juu yake. Bandia hujulikana kwa mikunjo ya filta isiyolingana, gundi iliyomwagika kwenye kitako, mpira unaotoa harufu kali na klampu nyembamba zinazokata mpira. Inteki iliyotumika kutoka Japani, ya mtengenezaji anayejulikana, ikiwa na mabano yake yote, ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Badilisha filta yake tu.

Gari langu ni la kwenda kazini na safari za Iringa. Ungenishauri nini?

Baki na boksi la kiwandani. Nunua filta mpya halisi, hakikisha mdomo wa boksi umefika kwenye hewa ya mbele na haukuvunjika gari lilipogongwa bampa, badilisha mipira iliyopasuka, osha throto na MAF, na weka plagi mpya. Magari mengi yanayokuja kwetu kutafuta inteki huondoka yakiwa mepesi kwa kazi hiyo peke yake, kwa gharama ndogo kuliko ya koni. Mwenye tabo aliyekwisha kubadilisha eksozi na mwenye mpango wa kuifundisha kompyuta ndiye ninayemshauri anunue inteki kamili yenye boksi.

Je, bima itahusika?

Ndiyo. Mjulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya kufunga, ili mabadiliko hayo yasije yakatumiwa kukataa madai yako baadaye.

Inteki imekwisha kufungwa. Nikague nini kabla ya kuondoka gereji?

Fungua boneti injini ikiwa inaunguruma, na usikilize mlio mwembamba wa hewa kwenye kila kiungo baada ya MAF. Mwambie mtu akanyage mafuta kidogo na uangalie kama bomba linagusa betri, boneti au feni injini inapojitikisa. Mahali linapogusa leo patakuwa tundu baada ya miezi mitatu. Soma marekebisho ya petroli kwenye kifaa cha kupimia gari likiwa limepata moto: yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini hakuna shaka, yakizidi usiondoke kwa kasi hadi sababu ipatikane. Boksi la zamani liweke nyumbani pamoja na skrubu zake kwenye mfuko mmoja, kwa kuwa utalihitaji siku ya kuuza gari au siku ya kutafuta tatizo. Baada ya kilomita 100 za mwanzo rudi ukaze klampu zote injini ikiwa imepoa, kwa sababu mipira mipya hulala kidogo ikipata joto la kwanza, na klampu iliyokuwa imara gereji huweza kuzungushwa kwa vidole viwili.